Fomu ya Papa Mapasa

Nina kasoro moja ambayo mume wangu anaijua vizuri: fomu ikiwa na nafasi tupu, sina raha. Ndiyo maana kanisa letu la wakimbizi Wakongo lilinikabidhi makaratasi ya chekechea yetu hapa Cato Manor.

Sheria ya nchi hii iliyotupokea inataka jina la kila anayefanya kazi na watoto litafutwe kwenye daftari la serikali la waliohukumiwa kwa makosa ya ngono. Walimu wetu wawili na mpishi niliwashughulikia mapema, nikajipongeza. Papa Mapasa nilimwacha. Hakuwa mwajiriwa, alikuwa ndugu wa kanisani aliyejitolea kuwarudisha watoto makwao kwa gari lake. Kwetu Wakongo, mwanamume aliyezaa mapacha huitwa hivyo kwa heshima, na jina lake hakuna anayelihitaji tena. Mapacha wenyewe walikuwa Lubumbashi, alisema. Hatukuwahi kuwaona.

Mwaka huu, kwenye mafunzo, afisa wa ustawi wa jamii akatueleza kwamba hata asiyelipwa lazima achunguzwe. Niliona aibu. Nimezoea kuilalamikia serikali, kumbe mwanya huu tumeuacha wenyewe.

Jumatatu nikampa fomu langoni.

"Mama, hata mimi?"

"Hata mimi mwenyewe nimejaza, papa. Leta tu na karatasi yako ya ukimbizi."

"Sharp, mama, sawa. Kesho."

Kesho yake hakuja. Keshokutwa yake simu yake haikupatikana. Mchungaji alinilaumu kwamba nimemvunjia heshima mtu mzima, na kusema kweli nililia, maana labda hakufanya lolote, labda karatasi zake tu zilikuwa zimekwisha muda. Lakini watoto walipanda gari lile miaka minne. Tulikaa nao mmoja mmoja, mimi na mama zao, tukawauliza polepole. Hakuna aliyetaja baya lolote. Sikutulia hata hivyo.

Wiki ya tatu nikasikia ameonekana mtaa wa Clairwood, kwenye kanisa la Wakongo lililopanga ghala. Nikampigia mama anayesimamia watoto pale, nikamwomba asimkabidhi watoto mwanamume mmoja mgeni mpaka achunguzwe.

"Jina yake ni nani?"

Miaka minne, na sikuwa na jina la kumpa.

"Tulimwita Papa Mapasa," nikasema.

"Ah, huyo!" Akacheka kwa furaha. "Iko mutu muzuri sana, mama. Sasa hivi iko njiani na batoto."