Pasaka ya Majembe

Nilikuwa na miezi miwili tu tangu niolewe kijijini Maguu, nikikaa kwa wakwe zangu. Baba mkwe alikuwa katekista wa kigango chetu, akiongoza ibada padri asipokuwepo. Jumamosi Kuu mchana mgambo alipita akigonga debe na kutangaza: kesho jua likichomoza, kila mtu awe kwenye shamba la ujamaa. Asiyefika atawekwa ndani.

Kesho ilikuwa Pasaka, na zamu zetu za wiki hiyo tulikuwa tumezimaliza. Lakini Katibu Kata, kijana aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, hakuwa mtu wa kubishiwa. Alikwisha kuwafungia watu stoo kwa kuchelewa tu.

Wanakwaya walikuja nyumbani wamefura. "Baba, safari hii tugome!"

"Tutakwenda," baba mkwe alisema. "Hajatuambia tumkane Mungu, ametuambia tulime. Ila nitamwambia ukweli."

Mama mkwe akanituma nimfuate mumewe kwa Katibu, asije akafungiwa bila sisi kujua. Ofisini mzee alivua kofia, akasimama wima.

"Ndugu Katibu, kesho tutakuja. Lakini kututoa kanisani siku ya Pasaka si haki."

"Mzee, amri ni amri."

"Basi turuhusu tuimbe."

"Imbeni mpaka sauti ziwakauke, mradi majembe yaende."

Asubuhi nilichukua khanga kuukuu. Mama mkwe akaninyang'anya. "Kristo amefufuka, wewe unavaa matambara?" Tukaenda shambani na nguo za Pasaka, wanawake kwa vigelegele. Wanaume walifyeka majani na kuyapanga miraba mteremkoni; sisi tukachimba katikati ya kila mraba na kuyafunika kwa udongo, ndivyo ngoro zetu zinavyotengenezwa. Aleluya ikianzia juu, inajibiwa bondeni. Sijawahi kulima kwa furaha vile. Kufikia saa nne, kazi ya kutwa nzima ilikuwa imekwisha, nasi tumejaa udongo mwekundu hadi magotini.

Baba mkwe akasoma Injili pale pale. Kisha akaomba: "Bwana, mlinde Katibu wetu. Mpe afya, na uwatunze mkewe na watoto wake walioko mbali."

Katibu alikuwa amesimama pembeni na daftari lake. Akavua kofia, akainamisha kichwa, akakaa hivyo hata baada ya "Amina".

Mama mkwe hakumwacha aondoke. Katibu akala kwetu ugali na kuku. Mwishowe akauliza, "Mzee, mbona hukuniombea nihamishwe?"

"Nilifikiria," baba mkwe akajibu.

Katibu alicheka hadi akapaliwa, nami nikakimbilia maji.

Amri ziliendelea kuja, nyingine nzito kuliko ile, na mara mbili tatu mzee alirudi ofisini, kofia mkononi, kumwambia lipi si haki. Lakini Jumapili hatukuitwa tena kabla ya ibada. Siku ile ya Pasaka Katibu alibaki hadi jioni, akifundishwa na wanakwaya kucheza, miguu ikimkataa, uwanja wetu mzima ukimshangilia.