Shore wa Mkia Mwekundu

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, Marta Anyosisye, mkulima wa kahawa wa Hasamba, alisaini daftari la wageni la shule anakosoma mjukuu wake. Kwenye safu ya shughuli aliandika: kumchukua mtoto.

Mjukuu, Atupele wa darasa la nne, alikuwa amerudi nyumbani akimsifia bundi. Kwa Marta bundi hasifiwi. Akilia juu ya paa, chumvi ya Ivuna hutupwa motoni mpaka anyamaze. Asubuhi hiyo alikuja na fundo la chumvi kwenye ncha ya kitenge.

Kwenye ukuta wa darasa aliwakuta ndege wawili wamechorwa sambamba: bundi wa kisiwa cha Mauritius na shore, yule mwimbaji wa kila ua.

"Bibi, huyu bundi ametoweka," alisema Mwalimu Lusubilo, anayemfundisha Atupele. "Hajaonekana karibu miaka mia mbili."

"Kama haonekani, wewe umemchoraje?"

"Kuna maandishi ya waliomwona. Na mifupa."

"Mifupa!" Marta alishika fundo lake. "Tena unalisema mchana kweupe, mbele ya watoto wa watu."

Mwalimu alieleza taratibu. Bundi yule alitegemea msitu. Msitu ulipokatwa, akakosa pa kwenda. Shore hula papai, hula wadudu, hujenga kiota hata kwenye mti wa kahawa. Ndiyo maana mmoja yupo na mwingine hayupo.

Hilo Marta hakulipinga. Alisogea ukutani, akamkagua shore kama anavyokagua kahawa kabla ya kuipima, kisha akaweka kidole chini ya mkia.

"Hapa umepaka nyekundu."

"Ndiyo, Bibi."

"Shore wa hapa ana manjano. Toka nje umtazame, yuko kwenye ua."

Mwalimu alichungulia dirishani. Kweli, manjano. Alikiri kwamba alinakili kitabu cha nchi nyingine.

"Basi mwanangu, unayemwona kila siku umemkosea. Huyu ambaye hajaonekana miaka mia mbili, nikuaminije?"

Darasa likacheka. Mwalimu naye akacheka.

Marta alirudi ofisini kwenye daftari la wageni, akafuta neno "kumchukua", akaandika juu yake "kumwangalia". Fundo hakulifungua, wala hakuliacha.

Kesho Mwalimu Lusubilo atapaka rangi upya. Atupele atakuwa darasani, na Marta atakaa dawati la nyuma.