Nilienda Butembo kuchagua Manuel ya moteur, Beni bakamukamata yaya wangu

Wakuu, habari zenu. Hii ya leo ilinipata mimi mwenyewe, na mwenye atasema nimeitunga, aulize batu bakubwa ba Beni benye baliishi vita ya pili ya Kongo.

Naandika Swahili yetu ya Butembo. Ba Dar na ba Mombasa, musinicheke. Na yaya, kwetu, ni kaka mukubwa. Hapana mutu wa kulea batoto. 'Njo' ni 'ndio' yenu, na 'juu' ni 'kwa sababu.'

Yaya wangu Paluku alikuwa na mutumbwi ku ziwa Edward, kule Kyavinyonge. Moteur, ile injini ya mutumbwi, njo ilikuwa inalisha nyumba yake na nyumba yangu.

Siku moya ikaanza kuchemka. Unavuta kamba, inanguruma kidogo, inakuwa moto, inakufa. Akaipakia ndani ya camion, lori ya mizigo, mpaka Beni, akaitupa mbele yangu. "Kambale, si unasema uko mécanicien."

Mécanicien ndiyo, wa pikipiki.

Nilijua ni pompe ya maji. Hata ka-caoutchouc, kampira kapya ka ndani, nilikuwa nako tayari. Lakini muguu ya moteur, kule pompe inakaa, ilikataa kufunguka. Nilitoa vis, skrubu, zote zenye macho iliona, nikagonga na marteau, hapana. Nikasema basi, tutafute kitabu ya kurepea, ya kutengeneza moteur, yenye Bafaransa banaita manuel.

Commerçant moya wa Butembo alikuwa amepokea carton ya bitabu kutoka Dubai. Nikaenda. Nikakuta mbili za kufaa.

Moya ilikuwa ya Kifaransa, inaeleza kila kitu polepole sawa katekista, lakini ilikuwa ya moteur ya quatre temps, ya mapigo ine. Ingine ilikuwa ya deux temps, mapigo mbili, moteur yetu kabisa, mpaka rangi ya kifuniko. Lakini ndani yote ni Kijapani.

Sasa utachagua nini hapo? Nilishika moya kila mukono mpaka mwenye duka akanichoka.

Nikaenda ku phonie. Kwa benye hamukuikuta: wakati ule hakukuwa simu, kulikuwa redio. Unapiga kelele Butembo, mutu anakusikia Beni, na kila mwenye redio katikati anakusikia pia. Basoda, ni kusema askari, njo balikuwa basikilizaji bakubwa.

Nikasema: "Yaya, niko na Manuel mbili. Moya inasema Kifaransa, lakini ni ya quatre temps. Ingine ni ya deux temps, ni yetu kabisa, lakini inasema Kijapani. Nilete gani?"

Yaya akajibu: "Lete ile yetu. Ile ingine uiache huko. Na ku barrière uifiche muzuri, basoda basiione."

Alisema vile juu ku barrière, kizuizi ya barabara, basoda balikuwa banapasua karatasi yote ya batu na kusokotea tumbaku.

Hapa njo Swahili yetu ilituuza, wakuu. Kwenu mungesema "kile kitabu," na kwa mutu mungesema "yule," shida ingeisha. Kwetu "ile" ni ya mutu, ni ya mbuzi, ni ya moteur. Na Manuel ni jina ya ubatizo, parokia zimejaa ba Manuel.

Nilifika Beni na kitabu ndani ya sachet ya plastiki, chini ya shati. Masika, bibi ya yaya, alikuwa anasimama ku mulango.

"Balimufungia ndani ya cachot," akasema. "Banasema anaingiza mupelelezi, jina Manuel."

"Manuel gani?"

"Mimi njo nakuuliza. Manuel asipoonekana, kesho camion inamupeleka bwana yangu."

Hakuna mwenye alikuwa anauliza camion inaenda wapi. Benye balipandishwa ndani, hatukubaona tena.

Nikaenda camp ya basoda. Commandant alikuwa amefikiri sana, inaonekana.

"Mutu wa deux temps, wa nyakati mbili, ni mutu wa serikali mbili," akaniambia. "Anakula huku, anakula kule. Na ile mutu wa quatre temps mwenye uliacha Butembo, huyo njo mubaya zaidi."

Nikatoa kitabu. "Commandant, Manuel njo hii."

Akafungua. Akaona Kijapani. "Soma."

"Siwezi."

"Unasafiri kuleta kitabu yenye hauwezi kusoma?"

Hata mimi nilianza kujishuku.

Nikamuomba anipe ruhusa nirepeye moteur pale pale, mbele yake, na ile kitabu. Majirani bakaibeba mpaka camp, tukaitumbukiza ndani ya drum nusu ya maji.

Nikafungua page moya moya, naangalia picha tu. Kwa page moya kulikuwa mushale unaonyesha kabawa kadogo pale juu ya hélice, ile feni ya ndani ya maji. Nikatoa kale kabawa. Chini yake, vis imejificha. Muguu ikatoka yenyewe, sawa kiatu.

Nikaweka caoutchouc mupya, nikafunga, nikavuta kamba. Moteur ikanguruma, kisha ikaanza kukojoa maji kwa upande, vile moteur muzima inafanya. Ilikojolea bottes za Commandant.

Alikung'uta bottes, moya kisha ingine. "Ni kweli," akasema. "Si mutu."

Mimi nikapumua. Yeye hapana. "Lakini nimeshatangaza ku bakubwa kwamba nimekamata Manuel. Sasa nitamutoa wapi?"

Akafikiri tena, nikaogopa.

"Basi. Manuel iingie, Paluku atoke."

Na njo vile ilikuwa. Mulinzi aliivua sachet, juu mufungwa haingii na bintu yake, akaifungia. Nilipohitaji page ingine kisha, balinitaka nilete foufou, ugali ya mufungwa. Mulinzi aliikula.

Somo: ukichagua kitabu, chukua ya moteur yako, picha itakusaidia hata lugha ikikushinda. Na ku redio sema "kitabu."

Lakini yaya hakucheka siku ile. Njiani aliniambia ndani mule aliacha mutu mwenye balikamata juu jina yake inafanana na ya mutu mwingine.

"Yeye ataonyesha kitabu gani?" akaniuliza.

Kesho yake camion ilienda.

Wakuu, uwanja ni wenu. Mwenye ndugu yake alipandishwa ndani ya ile camion, aandike jina ya ndugu hapa chini, yote, tuisome bila kukosea.