Usiachie Mguu, Shemeji

Mshonaji hakuwa dereva. Alichojua ni kumsogezea mumewe magari ya wateja ndani ya ua wa gereji, mbele kidogo, nyuma kidogo. Cherehani yake ilikuwa kibarazani hapohapo, kwa hiyo makenika akihitaji mtu wa kukanyaga pedali, humwita mkewe.

Asubuhi hiyo ililetwa pikapu inayovuma nyuma. Mumewe aliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, akalegeza breki ya mkono, akasukumia ringi kuukuu ya gurudumu chini ya chesisi, iwe kinga jeki ikiteleza, akaingia uvunguni kusikiliza. Akamwambia mkewe awashe, atie gia, aachie klachi polepole. Walishafanya hivyo mara nyingi: gurudumu lililo hewani huzunguka, lililo chini likatulia.

Safari hii alipoachia klachi, alihisi gari likijikaza, kisha likasonga. Akakanyaga klachi na breki kwa pamoja. Nyuma yake chuma kikalia, kiti kikalalia upande.

"Baba," alimwita mumewe.

Alitaka kuruka nje akamtazame, lakini mguu ukitoka kwenye breki, je? Ndipo mchomeleaji wa jirani akaja mbio, akainama uvunguni, akainuka na sura nyingine.

"Usiachie mguu, shemeji. Zima injini. Sasa vuta breki ya mkono, mpaka mwisho."

Ufunguo ulimponyoka mara mbili.

Mchomeleaji alimweleza kwa sauti ya chini kwamba jeki imelala na gari limekalia ile ringi. Mumewe yu hai, ila difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli, liko vidole viwili juu ya kifua chake, na hawezi kujigeuza.

Kifua cha mumewe alikijua vizuri, maana mashati yake yote aliyashona yeye mwenyewe. Inchi arobaini na mbili. Akivuta pumzi, arobaini na nne. Akaanza kuomba mume wake asivute pumzi sana. Mchomeleaji alipanga mawe mbele na nyuma ya magurudumu, akaleta jeki nyingine, akaanza kuliinua gari. Paja la mshonaji, mguu ukiwa bado kwenye breki, lilikaza kama kamba, machozi yakamshuka, hakuthubutu hata kuyafuta.

Makenika alitoka akijikokota kwa viwiko.

Alipompigia simu mwenye gari, aliambiwa difu lilishabadilishwa. Hili jipya halikubali gurudumu moja lizunguke peke yake; husukuma na lile lililo chini. Mwenye gari hakusema, na makenika hakuuliza.

Kesho yake aliyazuia magurudumu ya mbele kwa magogo, akainua yote mawili ya nyuma juu ya stendi imara. Injini ikiwa imezimwa, gia huru, akazungusha moja kwa mkono. La pili likafuata upande uleule; kwa difu la kawaida lingezunguka kinyume. Tangu hapo kila gari alilipima hivyo kwanza.

Baada ya wiki alimwita tena mkewe awashe pikapu. Magurudumu yote ya nyuma yalikuwa juu, lakini alipokalia kile kiti hakugusa ufunguo kwanza.

"Uko wapi?" aliuliza.

"Hapa nyuma."

"Njoo dirishani nikuone."

Akaja, akashika mlango. Mkewe akawasha, akatia gia, akamtazama usoni, na mguu wake ukakataa kuachia klachi. Makenika hakumharakisha. Alisimama palepale dirishani, ili aendelee kumwona.