Waini Nne Nilizozionja Vibaya

Kwa miaka sita nimeuza waini bila kujua ladha yake. Naanza na hilo ili anayesoma ajue anamsikiliza mtu wa aina gani. Duka la vileo ninalofanyia kazi liko hapa mtaa wa Tena, na mimi husimama nyuma ya grili, vile vyuma vya dirisha la kuuzia, kuanzia saa kumi na moja jioni, saa ambayo sheria inaturuhusu kufungua. Mteja akiniuliza, "Hii ni tamu?" nilikuwa namtazama uso. Akionekana anataka tamu, namwambia ni tamu. Niliona ni adabu tu, kama vile mtu akikuuliza umeshindaje ukasema salama hata kama jino linakuuma.

Jumatatu moja, hivi karibuni, akaja dada mmoja wa mtaa wa Tassia, mwalimu wa chekechea. Ijumaa iliyotangulia nilikuwa nimemuuzia chupa mbili za waini nyekundu. Hakunisalimia.

"Anko, uliniambia hii kitu ni tamu."

"Nilisema."

"Wewe mwenyewe umewahi kuionja?"

Nikageukia rafu. Nyuma yake wateja wawili walikuwa wakingoja, nao wakasogea ili wasikie.

Akanieleza. Jumamosi, shangazi wa mchumba wake walikuwa wamekuja kwao mara ya kwanza, kumwona. Ni watu wa kuweka waini mezani, na yeye alitaka waone kwamba hata kwao inajulikana. Akawamiminia, akawaambia kwa kinywa chake ni tamu, kaichagua mwenyewe. Shangazi mkubwa akapiga funda moja, akaweka glasi chini, akaomba sukari.

"Sukari, anko! Nikamletea. Akakoroga waini kama chai, mbele ya mama yangu."

Mteja mmoja akacheka. Mimi pia kicheko kilinijia, nikakimeza.

"Sasa wanarudi na wazee wao Jumamosi ya wiki ijayo, mambo ya mahari. Baba hanywi, mama hanywi, hakuna wa kuniambia. Nitaweka nini kwa meza?"

"Nipe mpaka Alhamisi ya wiki ijayo. Nitazionja mimi mwenyewe, nikwambie."

"Na ukinidanganya tena?"

"Sitakudanganya."

Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto anayeapa kwamba si yeye aliyemwaga uji. Usiku ule sikulaumu kampuni zinazotengeneza waini wala shangazi wa watu. Nililaumu ulimi wangu, ambao ulikuwa umesema mambo usiyoyajua.

Mwenye duka alikuwa na chupa nne ambazo lebo zake zilikuwa zimelowa bomba lilipopasuka stoo. Haziuziki. Nikamwomba. Akasema chukua, ila usinywee hapa. Nikazibeba nyumbani kwenye mfuko wa unga.

Mke wangu hufuma sweta za shule pale sebuleni kwa mashine. Tumetoka Magharibi ya nchi sote wawili, na kanisa letu halina mchezo na pombe. Hata meza ya Bwana tunashiriki kwa juisi. Kazi yangu ya dukani anaivumilia kwa sababu ndiyo iliyosomesha watoto, lakini chupa kuingia nyumbani lilikuwa jambo jingine. Alisimamisha mashine.

"Baba watoto, hizo ni za nini?"

Nikamweleza yote, pamoja na sukari. Hakucheka. Alisema, "Huyo msichana umemwaibisha." Kisha akanionyesha stuli kando ya sinki la roshani. "Utaonjea hapo. Si kwa meza tunaposomea Biblia. Na uteme."

Nilichagua Jumatano ya wiki iliyofuata, saa nne asubuhi. Nilitaka kila waini ipate haki sawa, kwa hiyo nilijiandaa kama mtu anayeenda kutoa ushahidi. Nikaosha glasi moja ya jemu mpaka ikang'aa. Nikanunua daftari. Na ili kinywa changu kiwe safi kabisa, kisiwe na chai wala kitunguu cha jana, nikapiga mswaki kwa bidii, hadi kwenye ulimi. Nikakaa kwenye stuli.

Jirani wa ng'ambo alikuwa akianika nguo kwenye roshani yake.

"Jirani! Saa nne? Si ungoje hata jua lipoe?"

"Ni kazi, mama."

"Kazi! Basi waambie na mimi waniandike. Cheti sina, lakini kiu ninayo."

Mke wangu akasikia, mashine ikanyamaza kidogo, kisha ikaendelea kwa kasi.

Niliyoandika siku ile ninayo bado, na nayanakili bila kubadilisha. Ya kwanza, ile nyekundu ya sukari ya shangazi: "Kali sana. Inauma ulimi kama betri ya redio." Ya pili, nyeupe: "Uchungu wa ganda la chungwa. Siwezi kumpa mtu." Ya tatu, nyekundu nyingine, ambayo wateja huniambia ni tamu: "Dawa ya kikohozi iliyoharibika. Wananidanganya au wamezoea." Hapo nikapumzika, nikaongea na jirani kuhusu maji yaliyopotea siku mbili, nikarudi. Ya nne, ya mapapai, inayotengenezwa hapa hapa nchini: "Afadhali! Tamu. Harufu ya papai lililoiva vizuri. Hii."

Nilijisikia vizuri, sitaficha. Mtu aliyeachia shule kidato cha pili, na sasa nina daftari lenye hukumu. Alhamisi yule mwalimu akaja, nikamsomea kurasa zote nne kupitia grili. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Ya mapapai? Una uhakika?"

"Nimeandika."

Akachukua chupa mbili.

Ijumaa asubuhi nikaamka na wasiwasi. Huwa hivyo kwangu: nikishasema jambo ndipo naanza kulipima. Nikapiga mswaki, nikachukua ile chupa ya mapapai, nikamimina kidogo nijithibitishie. Nikatema papo hapo. Ilikuwa chungu, chungu kama zile tatu.

"Imeharibika!" nikasema kwa sauti. "Mama, imeharibika, na msichana anaiweka mezani kesho!"

Mke wangu akaja mlangoni na uzi shingoni. Akanitazama mimi, akatazama sinki, akatazama mswaki uliokuwa bado na povu.

"Jumatano pia ulipiga mswaki kwanza?"

"Lazima. Kinywa kiwe safi."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Baba watoto, miaka yote hii unakunywa chai kwanza ndipo upige mswaki. Kwa nini?"

"Kwa sababu dawa ya meno inaharibu chai."

Nikasikia nilichosema.

Zile tatu za kwanza nilikuwa nimezihukumu kwa kinywa cha dawa ya meno. Ya mapapai ilikuja mwisho, baada ya mapumziko na stori za maji, dawa ikiwa imeisha mdomoni. Haikushinda kwa uzuri wake. Ilishinda kwa kukaa mwisho wa foleni. Na mimi, niliyejiona hakimu, nilikuwa nimemweka mtu mbele ya wakwe na hukumu hiyo.

Nilitaka kumpigia simu msichana saa ile ile. Mke wangu akanizuia. "Umwambie nini? Kwamba hujui? Anza upya kwanza."

Tukaanza upya. Nasema tukaanza kwa sababu yeye ndiye aliyepanga. Nikale, nisukutue kwa maji matupu, ningoje saa nzima. Kati ya waini na waini nile tonge la ugali usio na kitu. Na safari hii ya mapapai itangulie. Chupa zote zilikuwa zimekaa wazi siku mbili, kwa hiyo hakuna iliyoonewa.

Ya mapapai inaanza vizuri, kisha inamalizia kwa ukali wa siki. Anayeipenda hana kosa, lakini kwa mgeni ni bahati nasibu. Ile nyeupe niliyosema siwezi kumpa mtu, namwomba radhi aliyeitengeneza: ina ukali mzuri wa pera ambalo halijaiva sawasawa, na harufu ya nyasi za uwanja wa shule zikikatwa. Nyekundu kavu, isiyo na sukari, ile ya shangazi, bado inakamata ulimi, kama strungi, chai isiyo na maziwa, iliyosahauliwa motoni. Nikaionja tena na kipande cha maini yaliyobaki ya jana, ikatulia, ikawa kama mtu mkali ambaye ukishamkaribisha chakula mnaongea. Kwa hiyo hata shangazi hakuwa na makosa, wala waini haikuwa na makosa. Aliletewa bila chakula.

Ya tatu, nyekundu tamu, niliishika mdomoni muda mrefu. Ni tamu kweli. Sijui maneno wanayotumia wenyewe. Nikamwita mke wangu.

"Sinywi."

"Nusa tu. Kunusa si dhambi."

Akanusa, akafumba macho. "Zambarau," akasema. "Zile za kwetu, zikianguka chini zikalala siku moja." Akarudi kwa mashine yake haraka, kama aliyekaa sana mahali pasipofaa. Nikaandika zambarau.

Jumamosi asubuhi niliomba ruhusa kwa mwenye duka nibadilishe zile mbili za mapapai kwa mbili za nyekundu tamu, nikapanda boda hadi Tassia. Njiani nilijiuliza mara kadhaa kama si bora nirudi. Anayekosea mara mbili, anayo sababu gani ya kuaminiwa mara ya tatu? Lakini kurudi kungemwacha na zile chupa mezani, na mimi nikijua. Nikapanda ngazi hadi orofa ya nne.

Mama yake alikuwa akimenya viazi mlangoni, karai katikati ya miguu. Msichana akatoka ndani na kitambaa kichwani, akaona chupa mkononi mwangu.

"Usiniambie umekosea tena."

"Nimekosea tena."

Nikamweleza habari ya mswaki, nimesimama, sikuficha kitu. Mama mtu akaacha kumenya. Alianza kucheka kwanza yeye, kisha akaona uso wa binti yake, akainamia viazi.

"Wanafika saa saba, anko. Sasa nikuamini vipi?"

"Usiniamini. Nimeleta iliyofunguliwa. Onja."

"Mimi sijui waini."

"Hata mimi. Lakini wewe ndiye utakayewaambia ni tamu."

Akaleta kikombe kitupu cha kunywea chai. Nikamimina ya zambarau kiasi cha vijiko viwili. Akaonja, akangoja, akaonja tena. Kisha akaniomba ile ya mapapai ifunguliwe pia, akaionja, akakunja pua kidogo. Hakuniuliza nilichoandika. Alirudia ile nyekundu mara ya tatu.

"Hii," akasema. "Na safari hii nitasema ni tamu kwa sababu nimeonja. Wakikataa, watakuwa wamekataa ladha yangu."

"Na iweke na chakula," nikasema.

"Na nitaiweka na chakula."

Nikamwachia zile nyekundu mbili, nikashuka ngazi na chupa moja ya mapapai nzima na nyingine wazi, hiyo ya pili nitailipa mwenyewe.

Jumapili jioni yule mwalimu alikuja dukani. Mazungumzo ya mahari yalikuwa yameenda vizuri, wazee wataonana tena. Nilitaka kuuliza jambo langu lakini nikaona aibu, akaniona.

"Walikunywa, anko. Chupa zote. Shangazi mkubwa aliongezewa mara mbili."

"Na wengine?"

"Shangazi mdogo aliacha nusu glasi. Akasema hii ni ya watoto."

Nikatoa daftari chini ya kaunta, nikatafuta ukurasa wa tatu. Chini ya neno zambarau, yeye akitazama, nikaandika: "Mmoja aliacha nusu. Anasema ni ya watoto."