Mama Pindo na Ukurasa wa Mwisho wa Kimondo

Mama Pindo alizeeka bila kusoma kitabu cha katuni hata kimoja, na hakuona kwamba amepungukiwa na kitu. Alikuwa fundi cherehani, mtoto wa fundi cherehani, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu pindo akilishona yeye halifumuki mpaka nguo yenyewe ichakae. Kwake yeye kitabu kilikuwa cha kufundishia au cha kusalia. Mtu aliyevaa nguo ya kubana na kuruka juu ya maghorofa hakuwa na nafasi hapo.

Kaka yake alikuwa na mawazo mengine. Huyo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, amefiwa na mke, mbishi wa kupindukia, na tangu utotoni alikuwa na sanduku la bati lililojaa katuni za zamani za shujaa mmoja aitwaye Kimondo. Alipokuja kukaa kwa dada yake, kwenye chumba cha nyuma kilichokuwa cha kuwekea vitambaa, alileta godoro, redio na sanduku hilo. Mama Pindo aliuliza kama haliwezi kubaki lilikotoka.

"Likibaki, na mimi nabaki," alijibiwa, basi likaingia.

Kilichomleta ni macho. Yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, ule ukungu unaoota ndani ya mboni taratibu mpaka mwenyewe anadhani ni dunia iliyofifia. Alianza kwa kumimina chai nje ya kikombe, akaja kusalimia koti lililotundikwa mlangoni, tena kwa heshima zote. Daktari wa macho, mama mmoja mpole asiye na maneno mengi, alisema ukungu ule unatolewa, wataanza na jicho la kushoto, ila wakichelewa sana kazi itakuwa ngumu zaidi. Akampangia siku. Siku hiyo kaka akaugua tumbo. Akapangiwa siku nyingine. Siku hiyo akatafutwa kutwa, akakutwa amekaa kwa kinyozi, na kichwa chenyewe hakina nywele.

"Jicho langu limepata mtoto," alikuwa akiwajibu wanaomuuliza, "niacheni nimlee."

Watu walicheka. Mama Pindo hakucheka, maana alijua kinachomkimbiza. Kaka alipokuwa kijana anajifunza kazi, chembe ya chuma ilimwingia jichoni, na mhudumu mmoja akaichokoa kwa ncha ya sindano bila ganzi huku wenzake wamemkandamiza mezani. Tangu siku ile, ukimsogezea kidole usoni anaruka. Alikuwa anaogopa, habari ndiyo hiyo. Lakini mtu aliyeshika moto maisha yake yote ataanzaje kusema anaogopa? Na Mama Pindo naye alikuwa na woga wake. Aliogopa siku ambayo atamshika mkono kaka yake kumpeleka chooni, kwa sababu alijua siku hiyo ubishi wote utamwisha, na bila ubishi hatamjua tena ni nani. Daktari alikuwa amewapa Alhamisi moja ya mwisho. Wakiikosa hiyo, nafasi inakwenda kwa wengine, na foleni ni ndefu.

Asubuhi moja kaka akaja chumba cha kushonea akipapasa ukuta, kijitabu mkononi.

"Mdogo wangu, nisomee."

"Kaka, nina gauni la mwalimu hapa, bado mikono."

"Mikono haikimbii. Nisomee ukurasa mmoja tu."

Akamsomea. Sasa, Mama Pindo alikuwa msomaji wa magazeti, na gazeti husomwa kwa kushuka: unamaliza safu ya kushoto mpaka chini, ndipo unapanda kuanza ya kulia. Ndivyo alivyoisoma na katuni. Alisoma kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba: "Hapa kuna mwanamume juu ya paa, mkavu. Hapa kuna herufi kubwa, 'Buum'. Hapa ameloa maji, anatoka mtoni." Akapanda safu ya pili. "Hapa kasukumwa na mtu. Hapa anaanguka mtoni. Hapa kakunja ngumi."

Kaka alianza kutikisika mabega. Mama Pindo akadhani analia, akaweka kijitabu chini. Kumbe kicheko kimembana mpaka kimekosa pa kutokea.

"Yaani leo Kimondo katoka majini kabla hajaingia!" alisema alipopata pumzi. "Soma kwa kwenda pembeni, mama wee. Picha ya kwanza, ya pili yake ni hiyo ya kulia, halafu ndiyo ushuke."

Mama Pindo hakukupenda kuchekwa kule, lakini ilikuwa miezi tangu kaka yake acheke hivyo. Akarudia ukurasa kwa kwenda pembeni, na safari hii mtu akasukumwa, akaanguka, akatoka ameloa, kama inavyostahili.

Aliusoma na uliofuata. Gauni la mwalimu likalala mezani bila mikono. Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa: hakuanza kwa kupenda, alianza kwa kukosoa. Kila baada ya picha chache alisimama.

"Hii nguo imembana namna hii, ameingiaje? Zipu iko wapi?"

"Hana zipu. Ni Kimondo."

"Hata akiwa Kimondo, atakwenda haja. Na hii chupi, mbona juu ya suruali?"

"Ndiyo mtindo wao. Soma."

"Na hili joho la njano limeshonewa shingoni peke yake. Upepo ukivuma litamnyonga. Lingeshikizwa mabegani, hapa na hapa."

Kaka akasema kwamba Kimondo ameruka na joho hilo kwa miaka mingi na hajanyongwa, wakabishana mpaka chai ikapoa. Lakini siku zilizofuata ni Mama Pindo aliyekuwa akiuliza baada ya chakula, huku amegeukia pembeni kana kwamba anauliza hali ya hewa, "Yule mwizi wa benki alikamatwa?" Alizoea kuangalia picha. Mwanzoni alisoma maneno tu na kuruka michoro, kaka akawa anamhimiza, "Uso wake ukoje? Nyuma yake kuna nini?" Ikabidi atazame, ili aseme. Akagundua kwamba mchoraji alikuwa akificha mambo kwenye pembe za picha, kivuli hapa, kidole pale, na asiyetazama pembe hajui hatari inatokea wapi.

Hatimaye wakafika kwenye kijitabu kilichokuwa chini kabisa ya sanduku, kimefungwa kwa kitambaa. Humo alikuwamo Bwana Kutu, adui aliyekuwa akigusa chuma kwa ncha ya kidole na chuma kinaliwa papo hapo. Alikuwa ameligusa daraja la reli. Treni inakuja. Kimondo amejiweka chini ya daraja, amelibeba kwa mabega, hana mkono wa kujitetea, na Bwana Kutu anamjia polepole, kidole mbele. Chini pameandikwa: "Utafanya nini sasa, Kimondo?"

Mama Pindo akafunua haraka. Akakutana na jalada la nyuma.

"Ukurasa wa mwisho uko wapi?"

"Ndio ninaoutafuta tangu nina meno ya utoto," kaka alisema. "Niliacha kitabu mezani, niliporudi haupo. Nilimshika mtoto wa jirani nikampiga, tukanuniana mpaka wakahama. Mpaka leo sijui Kimondo alitokaje pale. Nikiwa kazini, nachomelea, nawaza: angefanya nini? Mikono yote imeshika daraja. Akiachia, watu wanakufa. Asipoachia, anaguswa."

"Angepiga teke."

"Treni iko juu ya kichwa chake, atapigaje teke? Acha tu. Macho yenyewe ndiyo haya yanakwenda. Nitakufa sijui." Akakizungushia kijitabu kitambaa chake. "Na hiyo Alhamisi yenu msinihesabu."

Ilikuwa Jumatatu.

Kesho yake Mama Pindo aliamua kumaliza kazi zilizolala. Kulikuwa na gauni la mtoto la kukata, akaenda kwenye msumari nyuma ya mlango, palipotundikwa furushi la paterni za marehemu mama yao. Mama yao hakuwahi kutupa karatasi. Gazeti, kalenda iliyopitwa na mwaka, mfuko wa saruji, vyote vilipitiwa na mkasi vikawa umbo la kola, la mkono, la kifua, vya kuwekwa juu ya kitambaa na kufuatwa kwa chaki. Hakusoma kilichoandikwa juu yake. Kwa mama yao karatasi ilikuwa karatasi, ilimradi ni pana.

Mama Pindo akachomoa mkono wa gauni la mtoto. Paterni ile alikuwa ameitumia miaka nenda miaka rudi, mikono ya watoto wa mtaa mzima imekatiwa hapo, na siku zote aliona ukingo wake tu, maana fundi hutazama ukingo. Safari hii, kwa sababu ya ile tabia mpya aliyofundishwa, jicho likaingia ndani ya ukingo. Akaona kidole kimenyooshwa.

Akakaa. Akalifumua furushi lote sakafuni. Kwenye kola akakuta kipande cha joho la njano. Kwenye mfuko wa kifuani akakuta magurudumu ya treni. Akavipanga juu ya kitambaa cheupe, akavishikiza kwa pini kimoja baada ya kingine, akasoma kwa kwenda pembeni. Alichokisoma sikisemi hapa, kwa sababu yeye mwenyewe hakumwambia mtu. Ninachoweza kusema ni kwamba alilia kidogo, akajifuta kwa kitambaa cha mteja, kisha akalazimika kukifua.

Alitaka kukimbilia chumba cha nyuma papo hapo. Alifika mlangoni, akasimama. Akimsomea sasa, kaka atafurahi sana, na Alhamisi atakutwa kwa kinyozi.

"Kaka," alisema, "ukurasa wa mwisho nimeupata. Mama aliukatia paterni."

Mzee alinyanyuka na redio mkononi. "Usinitanie."

"Sitanii. Upo mezani kwangu, umeshikizwa kwa pini."

"Nisomee!"

"Siusomi."

"Husomi vipi?"

"Utausoma mwenyewe. Jicho moja linatosha."

Alibembeleza, akafoka, akamkumbusha nani alimfundisha kuendesha baiskeli. Aliposhindwa akasema, "Una roho mbaya kuliko Bwana Kutu," akafunga mlango. Jumatano nzima alinuna. Chakula alikula, ila alikula kwa hasira. Mama Pindo alishona na roho ikimuuma, maana alijua anamfanyia mtu mzima hila, na kama hila hiyo haitafaa atakuwa amemnyima kaka yake macho na ukurasa kwa pamoja.

Alhamisi alimkuta mlangoni amekwisha vaa viatu. Shati alikuwa amelifunga vifungo mshazari. Mama Pindo akalifungua na kulifunga upya. Hospitalini alimshika dada yake kifundo cha mkono mpaka alama zikabaki. Daktari alipokuja, kaka akamuuliza jambo moja tu:

"Ganzi yenu ni ya kutosha?"

"Ya kutosha kabisa, mzee wangu," daktari alisema, na wakaondoka naye.

Kesho yake bandeji ilitolewa. Jicho lilikuwa jekundu na lenye machozi, akaambiwa asiinue kitu kizito na atie dawa ya matone. Kitu cha kwanza alichokiona vizuri kilikuwa uso wa Mama Pindo.

"Umezeeka," akasema.

"Ungejiona wewe."

Wiki kadhaa baadaye, jicho lilipotulia na miwani ya kusomea ikapatikana, alikaa kwenye meza ya kukatia, dirisha limefunguliwa. Mama Pindo akamwekea kitambaa cheupe mbele yake, akarudi kwenye cherehani, akajifanya anatunga uzi.

Kaka alisoma kwa sauti, taratibu, kama mtoto wa shule. Bwana Kutu akaja. Kimondo hakukimbia wala hakupiga teke. Alifumbua macho akakitazama kile kidole mpaka kikamgusa kifuani. Hakikutokea kitu. Kutu hula chuma, haili mtu.

Mzee aliinua kichwa. "Haili mtu! Mimi fundi chuma! Maisha yangu yote nafuta kutu kwa mikono hii, na sikuliwaza hilo!" Akapiga meza mpaka pini zikaruka. "Na mtoto wa watu nilimpiga bure."

"Malizia," alisema Mama Pindo, bila kugeuka.

Kaka akainama tena. Treni ilipita salama, ikasimama ng'ambo, dereva akatoa kichwa dirishani akamuuliza Kimondo kama hakuogopa. Picha ya mwisho kabisa ilikuwa uso wa Kimondo, umechoka, jasho linatiririka. Kaka akasoma alichojibu:

"Niliogopa, lakini..."

Akasogeza miwani. Akakigeuza kipande, nyuma kulikuwa na tangazo la baiskeli. Akakirudisha.

"Lakini nini?"

"Mama alikata hapo," alisema Mama Pindo. "Ndipo kwapa linapokaa."

Kaka alifuata ule mkato kwa kidole, taratibu, kuanzia juu mpaka chini. Kisha akaliziba jicho lililopona kwa kiganja, akalitazama dirisha kwa lile jingine, lile lenye ukungu bado.

"Mdogo wangu," akasema, "daktari alisema la kulia ni lini?"