Bi Chumvi na Wadudu Waliosahau Sumu

Maabara yetu ilikuwa na profesa mmoja, madaktari wa falsafa wanne, na mtu mmoja aliyefanya kazi. Huyo wa mwisho tulimwita Bi Chumvi. Mimi nilikuwa katibu muhtasi, kwa hiyo sikuhesabiwa popote.

Bi Chumvi alikuwa fundi sanifu wa maabara, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuwapikia wadudu. Si hawa wa kupiga kwa kandambili. Ni wale wasioonekana kwa macho, wanaoishi kwenye mabwawa ya kukaushia chumvi na kuyageuza rangi ya waridi. Walitaka robo kilo ya chumvi kwa kila lita ya maji, joto kama la mtu mwenye homa, na wiki nzima ya kusubiriwa. "Wana madeko hawa kuliko bwana harusi," alikuwa akisema. Mumewe, fundi cherehani, naye alilalamika kivyake: "Wenzako wanarudi kazini na habari, mke wangu. Wewe unarudi na chumvi kwenye kope."

Profesa alijijengea jina kwa wadudu hao hao. Enzi za ujana wake aligundua kwamba wale wa bwawa moja waliweza kuishi ndani ya aseniki, sumu ya kumlaza ng'ombe chali. Tangu hapo aliisimulia habari hiyo kwenye kila mkutano, na kila mwaka kiwango cha sumu kilipanda kidogo. Chumvi ya Bi Chumvi ilipimwa kwenye mizani. Ile aliyotia Profesa haikupimwa kwa chochote.

Siku moja tukinywa chai nilimuuliza Bi Chumvi wadudu hao wanaponaje. Nilifeli baiolojia, na bado nilielewa, jambo ambalo madaktari wote wanne hawakuwahi kunifanyia.

"Ndani ya mdudu kuna vinasaba vyake vikubwa," alisema, "halafu pembeni kuna pete ndogo ya vinasaba. Kwenye hiyo pete ndiko ziliko jeni za kupambana na aseniki. Hizo jeni ndizo zinazomtengenezea pampu ya kuitapika nje. Sumu isipokuwepo, kuna protini inazikalia hizo jeni, zimelala. Sumu ikiingia, inamng'oa yule aliyezikalia, zinaamka, kazi inaanza."

"Kwa nini zisikae macho muda wote?"

"Shoga, wewe unatembea na mwavuli wazi kiangazi chote? Mkono si utakatika?"

Sasa, miaka kumi na moja nyuma, Profesa alikuwa ametoa agizo kwamba wadudu wake wa thamani wakuzwe kwenye supu ya chumvi tupu, bila aseniki. Sumu ilikuwa inasumbua kuitunza, na fomu zake zilikuwa nyingi. Bi Chumvi akamwambia wadudu wakilelewa bila sumu wataitupa ile pete, maana ni mzigo usio na faida kwao. Profesa akatabasamu kama mtu anayesikiliza ndoto ya mtoto. "Wewe pima chumvi, mama. Kufikiri tuachie sisi."

Akapima chumvi. Lakini kwenye rafu ya chini kabisa ya kabati la joto alitenga chupa chache za wadudu wale wale, akaendelea kuwalea ndani ya aseniki kama zamani. Kila mwezi aliwahamishia kwenye supu mpya, na kila mwezi alijaza zile fomu zilizowashinda wasomi. Juu ya chupa aliandika USITUPE. Hakuna aliyezitupa, kwa sababu ili uzitupe ilibidi kwanza uiname.

Ikaja habari kwamba mtafiti mmoja mkubwa, mama mtu mzima kutoka taasisi nyingine, angetutembelea kuona maajabu hayo kabla hajakubali kushirikiana nasi. Profesa akavimba. Akaagiza chupa mbili zipandwe wadudu wake, moja bila sumu, moja yenye sumu, zifunikwe kitambaa cheusi hadi mgeni afike. Bi Chumvi akamwomba atumie wadudu wa rafu ya chini. "Hao wako wa jikoni?" Profesa akacheka, na madaktari waliokuwepo wakacheka sekunde moja baada yake, kama kawaida.

Siku ikafika. Mgeni alikuja na miwani inayoning'inia kwa uzi shingoni, akakaa, akakataa soda. Profesa alihutubia dakika arobaini, kisha akavuta kitambaa kwa madaha.

Chupa isiyo na sumu ilikuwa nyekundu kama juisi. Chupa yenye sumu ilikuwa safi, angavu, ya kutamanisha mwenye kiu.

Daktari mmoja akaanza kukagua viatu vyake.

"Fundi wetu," Profesa akasema, na hakuhitaji hata kumeza mate, "ni wazi amekosea vipimo. Tutamchukulia hatua."

Mgeni akavaa miwani, akamgeukia Bi Chumvi. "Umekosea, mwenzangu?"

Bi Chumvi akaingiza mikono mifukoni mwa koti. "Hapana, mama. Vipimo viko sawa. Hao wadudu hawana tena ile pete. Waliipoteza zamani."

Akaenda kwenye kabati la joto, akainama, akarudi na chupa yake. Aseniki ile ile, chumvi ile ile, na nyekundu pyu. Akatoa na picha ya vinasaba aliyoipiga mwenyewe: upande wa wadudu wake, jeni za pampu zilionekana kama mstari mnene unaong'aa. Upande wa wadudu wa Profesa palikuwa peusi kabisa.

"Mbona hukuniambia?" Profesa akang'aka.

"Nilikuambia, Profesa. Mara tatu. Mara ya tatu kwa barua."

"Nakala ipo kwenye faili la kijani," nikasema. Huo ndio mchango wangu pekee kwa sayansi, na sijutii.

Mgeni alivuta kigoda, akakaa ubavuni mwa Bi Chumvi mpaka saa za kazi zikaisha, wakaongea habari za supu. Mgeni alipoondoka alichukua chupa mbili za rafu ya chini, akawapime wadudu kwake. Baada ya miezi mitano majibu yakaja: wadudu wa rafu ya chini, baada ya miaka kumi na moja ndani ya sumu, walikuwa wamejiongezea nakala ya pili ya jeni ya pampu. Walistahimili mara tatu ya kiwango cha mwanzo. Kwa mara ya kwanza, ukweli ukawa umeikaribia hotuba ya Profesa.

Makala ilipoandikwa, niliichapa mimi. Jina la kwanza Profesa, kisha madaktari wanne, mmoja wao akiwa masomoni ng'ambo tangu mwaka juzi. Bi Chumvi alikuwa mwishoni, kwenye shukrani, pamoja na fundi umeme. Mgeni, ambaye saini yake ilihitajika kama mshirika, akairudisha na sentensi moja: hatatia saini mpaka aliyefanya kazi aandikwe wa kwanza. Profesa alikaa nayo siku tisa. Siku ya kumi akaniita, akaniamuru nibadilishe, akitazama dirishani.

Siku hizi husimulia mikutanoni jinsi alivyobuni jaribio la miaka kumi na moja, kwa siri, ili matokeo yasichafuke. Watu hupiga makofi.

Nilimuuliza Bi Chumvi kama hilo halimuudhi. Alikuwa amekaa na jarida lililochapisha ile makala mapajani, kidole juu ya jina lake, akilisoma herufi kwa herufi kana kwamba lingeweza kuwa na makosa.

"Linaniudhi sana," akasema. "Sogea kidogo, unanizibia mwanga."